Jicho na Sikio: Spika Ikizimwa, Picha Inabaki na Nini?

Mwezi uliopita niligusia katika safu hii sanaa ya kusimika, yaani kazi ambazo hutazami ukiwa mbali, unaingia ndani yake: picha zimekuzunguka, sauti inakujia huku na kule. Nilidhani nimeandika la pembeni. Barua zilizokuja zimejaza droo, na kwa kuwa mhariri amenipa nafasi ndefu safari hii, nazijibu baadhi. Waliouliza nawataja kwa kazi na miji yao tu. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa fundi mitambo wa redio, chumba cha michezo ya kuigiza, kabla sijaacha kazi na kushika brashi hapa Tanga. Ndiyo maana wananiita Fundi, na ndiyo maana hata picha naitegea sikio kwanza.

Fundi, shikamoo. Nafundisha sanaa sekondari. Wanafunzi wangu wameona kwenye simu ukumbi ambao michoro ya Van Gogh imemulikwa ukuta mzima hadi sakafuni, muziki unapigwa, watu wamejilaza chini wanatazama. Wananiuliza kama hiyo ndiyo sanaa uliyoiandika. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, mwalimu. Waambie ni majirani, ila undugu hawana.

Kumbi za namna hiyo ziko nyingi siku hizi. Inayojulikana sana ni Atelier des Lumières ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 2018 ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha kuyeyushia chuma. Walianza na picha za Gustav Klimt. Projekta zinafunika kuta, muziki unajaza ukumbi, mtu anatoka amefurahi. Sibezi, burudani ni haki ya mtu aliyelipa kiingilio. Lakini Van Gogh alikufa mwaka 1890, na huo muziki hakuuomba. Umeletwa na mtu mwingine baadaye ili ukae kitako muda mrefu kidogo. Uzime: Van Gogh yuko palepale, pengine amepata nafuu.

Kazi ninayotaka wanafunzi wako waijue ni ya mzaliwa wa Unguja. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki akiwa yeye bado mtoto mchanga, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa akibuni nakshi za vitambaa, akarudi naye kwao. Binti akasomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia, na hilo mwalimu ulishike, kwa sababu picha zake nyingi hazikai ukutani. Zinasimama kama waigizaji waliokwisha pangwa. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata.

Mwaka 2004 alitengeneza Naming the Money. Ni watu 100 waliokatwa kwenye mbao bapa, kila mmoja kimo cha mtu mzima, wamepakwa rangi kali na nguo za kupendeza. Kuna wapiga ngoma na wacheza ngoma, mafundi viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wachoraji, watengeneza vidude vya watoto kuchezea, wafunza mbwa, na wapiga viola da gamba, ile zeze kubwa ya Kizungu. Hao ni Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Ukitazama picha za zamani za kule, utamwona mmoja wao pembeni ameshika sinia au kamba ya mbwa, amewekwa pale ili mwenye nyumba aonekane tajiri. Himid amewatoa pembeni wote, akawajaza ukumbini.

Niliiona Bristol, Uingereza, mwaka 2017, katika jumba la Spike Island, nilipokwenda kumtembelea binti yangu. Huna pa kusimama ukawa mtazamaji. Unapita kati yao, bega kwa bega, na rangi zile, manjano na zambarau na bluu, zinakuchangamsha hadi unatabasamu. Halafu sauti inaanza kukuingia. Mmoja mmoja anazungumza, maneno machache, kwa mpango uleule: jina langu ni hili, wao wananiita lile, nilikuwa nafanya kazi ile, sasa nafanya hii, lakini nina kitu fulani ambacho hawajanipokonya. Kisha muziki, kisha mwingine. Ukizunguka nyuma ya mbao unakuta karatasi imebandikwa, kama ukurasa wa daftari la hesabu, na maneno hayohayo yameandikwa pale ambapo bei ingekaa.

Sasa wape wanafunzi jaribio langu, ndilo ninalolitumia kwa kila kazi ya aina hii: zima spika, uone kimepotea nini. Kwa Van Gogh wa projekta kimepotea kiburudisho. Kwa Himid wamepotea watu. Utabaki na umati uliovaa vizuri, na utaondoka ukisema kazi ilikuwa ya furaha. Rangi inaweza kukuonyesha uso, kitambaa, hata uchovu wa mabega, lakini jina la mtu haliwezi kuchorwa. Kwa hiyo sauti pale imepewa kazi ambayo brashi haiiwezi, na brashi nayo inafanya ambalo sauti haiwezi, yaani kukulazimisha umpishe njia mtu aliyekufa zamani.

Darasani huhitaji mbao 100. Wape makaratasi ya manila, kila mtoto achore mtu wa mtaani kwao ambaye watu humwita kwa kazi yake tu: konda, mama ntilie, shamba boi. Akamuulize jina lake kamili na alikotoka. Arekodi.

Mimi nasema haya ni mambo ya Wazungu waliochoka na picha. Sisi tunaiga kila kitu. Picha ni ya kutazama, muziki ni wa kusikiliza.
*Mfanyabiashara, Dodoma*

Ndugu yangu, kutazama kitu kilichochongwa au kupakwa rangi huku ukumbi mzima umenyamaza ndilo jambo geni hapa. Panda basi uende Mtwara, uwakute Wamakonde na mapiko. Kinyago kimechongwa, kimepakwa rangi, kimetiwa nywele za kweli, na hakina maana yoyote mpaka ngoma ipigwe na kivae mtu. Anayeigizwa anaweza kuwa askari, bibi mwenye maringo, hata Mzungu mwenyewe. Watu wanajiona, wanacheka, wengine wananuna. Aliyekitoa kile kinyago kwenye ngoma na kukitia ndani ya kabati la kioo ndiye aliyekuja na fikra hiyo unayoitetea.

Fundi, shikamoo. Ni mchoraji, niko Mwanza. Nina picha saba kubwa za akina mama wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nimepewa ukumbi wa mtu kwa wiki mbili, ni godauni tupu, sakafu ya saruji, paa la bati. Nataka ndani isikike sauti ya soko. Nimerekodi kwa simu na spika nimeazima moja kubwa ya harusi. Tatizo, nikiwasha ni makelele matupu, neno halisikiki. Na pesa sina.
*Mchoraji, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Hii barua nimeisoma kwa raha kuliko zote, kwa hiyo nitakujibu kirefu.

Spika ya harusi irudishe leo. Imetengenezwa kusukuma sauti mpaka kwa wageni wa meza ya mwisho, na wewe una godauni la saruji na bati ambalo linairudisha sauti yote kama lilivyoipokea. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 17 mbele ya mtu unamrudishia neno baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, wakati neno la pili tayari liko njiani. Sikio linapokea mawili kwa pamoja na kuyaacha yote. Ukiongeza nguvu unaongeza fujo.

Dawa ni spika ndogo nyingi, ziwe karibu na masikio, zipigwe chini. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6. Ukiusogeza mdomo wa spika karibu na msikilizaji, atasikia neno kabla ukuta haujaingilia. Msanii wa Kanada, Janet Cardiff, mwaka 2001 alichukua wimbo wa kanisani wa karne ya 16 wenye sehemu 40 za kuimba, akamrekodi kila mwimbaji kwa maikrofoni yake, akasimamisha spika 40 kwa umbo la yai, kila moja kimo cha kichwa cha mtu. Ukisimama katikati ni kwaya. Ukisogea kwenye spika moja ni mtu mmoja, unasikia hata pumzi. Na kuna dakika tatu ambazo hawaimbi kabisa, wanakohoa na kupiga soga wakisubiri kuanza. Wengi hukumbuka hizo dakika tatu kuliko wimbo.

Wewe una picha saba, basi spika saba. Spika za gari zilizotumika zinapatikana kwa mafundi redio, nao pia wanauza zile bodi ndogo za kucheza muziki kutoka memori kadi au fleshi, zinazotumia volti 12. Kila picha iwe na bodi yake na spika yake, imefichwa nyuma ya fremu au imewekwa wazi kwenye ndoo ya dagaa. Mimi ningeiweka wazi. Volti 12 ina maana betri ya bodaboda inatosha, umeme ukikatika soko lako halifungwi. Usitumie bluetooth hata kidogo. Katikati ya maonyesho itashika simu ya mgeni na utasikia WhatsApp yake.

Hizo bodi saba hazitakwenda pamoja, na usihangaike kuzifunga pamoja. Fanya kila rekodi iwe na urefu wake. Moja dakika 7, nyingine 11: zitakutana tena mwanzo baada ya dakika 77, na mtu aliyekaa nusu saa hatasikia soko lilelile mara mbili. Ndani ya kila rekodi acha kimya cha kutosha. Mama akinyamaza hapa, jirani yake ndiye asikike kule.

Ukuta nao uufunge mdomo. Nyuma ya kila turubai acha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, ujaze sufi au mablanketi makuukuu. Picha zako zenyewe zitameza mwangwi. Tundika magunia matupu ya dagaa kwenye kuta zilizobaki na mikeka chini, mbali na taa za moto na nyaya. Kitambaa chembamba kinapunguza ukali wa juu tu, ule mngurumo wa chini hakiufanyi kitu, kwa hiyo injini za mitumbwi zirekodi kidogo au uziache.

Sasa, kurekodi upya. Umeniambia umerekodi "sauti ya soko". Hiyo ndiyo sehemu nisiyokubaliana nawe. Soko zima likilia kwa pamoja ni lilelile Mwanza, Kigoma na Kariakoo. Mgeni atasema "aha, soko" na kuendelea na simu yake. Jiulize brashi yako imeshindwa kuonyesha nini. Dagaa wa Mwaloni wananunuliwa na watu wa Kongo, wa Rwanda, wa Burundi. Umemchora mnunuzi, sawa, ana kofia na kibegi cha pesa kiunoni. Hakuna rangi inayoweza kusema ametoka Bukavu. Akifungua mdomo tu kila mtu anajua, na namna mama wa Kisukuma anavyopanga bei akishajua, hiyo ndiyo picha yako ya jamii. Nenda ukarekodi mapatano, mtu wawili, simu karibu na midomo, imevishwa soksi nene ili upepo wa ziwani usipige maikrofoni. Rekodi pia ile pakacha inavyochota dagaa wakavu, peke yake, na dakika mbili za mahali pakiwa pametulia kabla ya biashara.

Nenda mapema, redio hazijawashwa. Ukirekodi mapatano yenye Bongo Fleva nyuma yake, umebeba kazi ya mtu mwingine na utahitaji ruhusa. Mambo hayo yako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ofisi ni COSOTA. Wale akina mama nao waombe ruhusa kwa mdomo na simu ikiwa inarekodi, wajue sauti itakwenda wapi na kwa muda gani. Kisha walipe. Najua umesema pesa huna. Mwenye godauni alipewa chake, fundi wa spika atapewa chake. Anayetoa sauti asiwe ndiye peke yake anayetoa bure. Na siku ya kwanza, kabla ya wakubwa na kamera, waingie wao. Kama kuna anayesema "hapana, hilo litoe", litoe.

Niaje Fundi. Mimi huchora matatu, basi za abiria hapa Nairobi, hizo nganya zilizorembwa za Rongai. Nje graffiti, ndani taa na skrini, na sauti ya kutingisha kifua. Watu wa galari wananiambia hiyo si sanaa ya kusimika kwa sababu inatembea. Wewe wasemaje?
*Mchoraji, Nairobi*

Inatembea, lakini abiria ameketi ndani yake, na picha na sauti zimemfunika. Wanataka nini zaidi? Na historia yenu ni ya serikali na jamii kuvutana juu ya nani apake rangi nini. Kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa manjano uliopita juu ya michoro yenu yote. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore. Katika miaka kumi hiyo mtu angeweza kusoma hali ya Nairobi kwa kutazama ubavu wa matatu, ni nani kachorwa na nani kafutwa.

Ila jaribio langu nawe linakubana. Zima spika: nje sura ya mchezaji mpira iko vilevile. Ndani, ni miksi ya dijei ambayo ingeweza kupigwa kwenye gari lolote. Michoro yenu inasema jambo la mtaa fulani. Sauti yenu haisemi la mtaa wowote. Mnao makanga, makonda wenu, jamani! Mnayo ile sauti ya stejini ya kuita abiria, na matusi ya foleni, na mama anayesema "nishukishe hapo" mara tatu. Siku moja mtie hiyo katikati ya nyimbo muone abiria watakavyoinua vichwa.

Lingine ni la ubishi kidogo. Mgeni wa galari akichoka anatoka. Abiria wako amelipa nauli aende kwao Rongai, hawezi kushuka barabarani kwa sababu besi imemzidi. Kenya mna kanuni za kelele tangu 2009, lakini hata zisingekuwepo, anayesikiliza kwa kukosa njia hasikilizi. Punguza.

Fundi, hujambo. Natembeza wageni Mji Mkongwe. Kila siku nawafikisha Mkunazini, kwenye zile sanamu za watumwa shimoni. Kuna mgeni aliniambia ingefaa ziwekewe sauti ya kilio na minyororo. Nikamwambia nitauliza wanaojua. Tena nikaogopa, ikiwekwa sauti mimi nitasema nini?
*Mtembeza wageni, Zanzibar*

Sijambo. Hofu yako ina mantiki kuliko pendekezo la mgeni wako.

Kwa wasiofika: pembeni ya Kanisa la Kristo, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna shimo la mraba, na ndani yake watu watano wa saruji wamesimama, mnyororo shingoni. Aliyezitengeneza ni mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Unawatazama kutoka juu, kama alivyowatazama mnunuzi, na hapo ndipo penye nguvu yake. Ukiweka kilio cha kurekodiwa unamwambia mtu ahisi nini kabla hajahisi. Nimetengeneza vilio vingi redioni, vingi kwa msaada wa kikombe na mto wa kulalia. Kilio ni sauti rahisi kuliko zote na inachosha haraka.

Kitu kinachokosekana pale si kilio. Wale watano hawana majina. Linganisha na wale 100 wa Himid niliowaeleza juu. Hapo ndipo unapoingia wewe, kwa sababu sauti ya kazi ile ni yako, umekuwa ukiifanya miaka yote bila spika. Basi acha kuwasomea wageni tarehe tu. Waambie mlikuwa na watu wa makabila gani pale, walitembezwa kutoka wapi hadi Bagamoyo na Kilwa, waliitwaje na mabwana zao baadaye.

Na kama mgeni wako anapenda sauti, mweleze kwamba Himid mwaka 1999 alichora mfululizo wa picha alioupa jina Zanzibar, za mahali alipozaliwa na asipopajua, karibu hazina watu. Miaka zaidi ya ishirini baadaye mwenzake wa kazi, Magda Stawarska, mzaliwa wa Poland, akazitengenezea sauti, na zikaonyeshwa pamoja Sharjah mwaka 2023. Yaani picha zilikaa kimya kwanza, zikazeeka, ndipo zikapata wa kuzisemea. Ninaipenda subira hiyo.

Tena kuna kazi yake Himid, Old Boat/New Money ya 2019: mbao 32 ndefu zimeegemezwa ukutani, kijivu, kila moja imechorwa kauri, zile simbi za baharini, na unasikia bahari na mbao za chombo zinavyolia. Wageni wako wa Afrika Magharibi wataielewa upesi. Katikati ya karne ya 19 makampuni ya Hamburg, mojawapo O'Swald, yalikuwa yakipakia kauri hapo hapo Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Kitu ambacho watoto wa Unguja waliokota pwani kikanunua mawese, na watu. Ukitaka kuwasimulia wageni jambo wasilolisoma kwenye kitabu cha safari, anzia na kauri moja kiganjani.

Assalaam alaykum Fundi. Nakuandikia kutoka Maskati. Marehemu mama ameacha sanduku la kaseti. Enzi zile simu ghali, yeye na dada yake wa Unguja walikuwa wakipelekeana barua za sauti, mtu akisafiri anapewa kaseti. Binti yangu anachora. Tumefikiri tufanye chumba kimoja cha nyumba, picha zake ukutani na sauti zao zikizungumza, jamaa na majirani waje. Tuanze na picha zipi?
*Mama wa nyumbani, Maskati*

Wa alaykum salaam, bibi, na Mungu amrehemu mama. Msianze na picha. Anzeni na kaseti, na msizicheze bado.

Kila kaseti ina vijino viwili vidogo vya plastiki juu, nyuma. Vivunjeni vyote leo, ili asitokee mtoto au mkwe akabonyeza kitufe chekundu akarekodi juu ya sauti ya bibi yake. Kisha zitazameni: mkanda wenye ukungu mweupe wekeni kando kwa fundi. Kile kipande kidogo cha sponji katikati kikiwa kimedondoka, kaseti itacheza hafifu au kimya, msidhani imefutika, kinabandikwa kingine. Zilizoandikwa C-60 na C-90 zina mkanda mnene kiasi. C-120 mkanda wake ni mwembamba mno, hiyo msiipeleke mbele na nyuma kwa haraka, itajiviringisha. Safisheni kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti moja. Na kwa joto la huko, sanduku lisisafiri ndani ya buti la gari.

Chezeni mara moja tu, huku mnahamishia kwenye kompyuta kwa faili la WAV lisilobanwa, pande zote mbili. Upande wa pili mara nyingi una nyimbo, halafu baada ya wimbo wa tatu mtu anarudi kwa sababu amekumbuka jambo. Nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Kuna kijana atawaambia anaweza "kusafisha" sauti kwa programu. Mshukuruni, mpeni chai. Hiyo adhana inayosikika nyuma, na mvua ya bati, na jogoo, na mtu anayepita akisema hodi, hiyo ndiyo Unguja yenyewe katika mkanda ule. Akiviondoa atabaki na mwanamke anayezungumza ndani ya chupa.

Binti asichore sura ya bibi yake. Sura mnayo kwenye picha za albamu. Asikilize kwanza, kaseti nzima bila kalamu, kisha achore anachokisikia na ambacho hakutajiwa: ukumbi ambao sauti ile inagonga, dirisha ambalo mvua inaingilia, nguo waliyoagiziana na rangi yake haikutajwa. Kama ataweza kuuona mwangwi wa chumba, atakuwa amepata mchoro ambao mtu mwingine hana. Sauti za dada wawili ziwe kwenye spika mbili tu, zielekeane, kila moja juu ya kiti, kimo cha mtu aliyekaa. Barua ya sauti ina tabia moja nzuri: anayeuliza anaacha kidogo, kama vile atajibiwa. Msikate nafasi hizo.

La mwisho ni la adabu. Dada wawili wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, baharini mbali, wamesengenya. Wamo mawifi, wamo majirani, na baadhi yao wangali hai na wataalikwa chumbani mwenu. Sikilizeni zote nyinyi wenyewe kwanza, wewe na mkubwa mmoja wa upande wa Unguja, mpange kipi kinatoka na kipi kinabaki sandukuni. Mkishamaliza kuhamisha niandikie tena, uniambie chumba kina upana gani na dari la nini, nikwambie spika za aina gani mkanunue sokoni Matrah.